Ukimya wa Mashapo: Historia ya Chembe za Plastiki katika Mito ya Manchester na Funzo la Misimu kwa Afrika Mashariki

IKISIRI

Makala hii inafuatilia historia ya chembe ndogo za plastiki katika mashapo ya mito ya eneo la Manchester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tangu zama za viwanda vya pamba hadi tafiti zilizochapishwa mwaka 2018 na 2021. Eneo hilo lina nafasi ya pekee katika historia ya plastiki. Humo na katika ujirani wake ndimo zilimovumbuliwa baadhi ya plastiki zinazotumika sana duniani, na humo ndimo watafiti walimoonyesha kwa mara ya kwanza, kwa vipimo vya mabonde mazima ya mito, jinsi mafuriko yanavyozoa chembe hizo kutoka kitandani mwa mto na kuzipeleka baharini. Hoja kuu ni kwamba mashapo ya mto ni hifadhi ya kumbukumbu inayoandikwa na kufutwa kwa kufuata misimu. Anayeisoma katika msimu mmoja tu huweza kuudhania ukimya wake kuwa ni usafi. Makala inahitimisha kwa kujadili maana ya hoja hiyo kwa istilahi za Kiswahili na kwa sera za nchi za Afrika Mashariki, ambazo sheria zake za plastiki hadi sasa zimejikita zaidi katika vitu vinavyoonekana kwa macho.

1. Utangulizi

Neno mashapo katika Kiswahili hutaja kile kinachotua chini ya kimiminika baada ya kutulia: mashapo ya kahawa katika kikombe, mashapo ya pombe katika mtungi, na kwa wanajiografia, mchanga na tope linaloachwa na maji. Katika matumizi yote hayo limebeba maana ya kitu kilichobaki, ambacho mnywaji hakitaki na hukimwaga bila kukitazama. Pengine ndiyo sababu mashapo ya mito yalichelewa kutazamwa na wanasayansi wa plastiki. Macho yalielekezwa kwanza kwenye bahari, kwenye chupa zinazoelea na mifuko iliyonasa matawini. Kilichotua chini kilidhaniwa kuwa kimekwisha.

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Historia inayosimuliwa hapa inaithibitisha methali hiyo kwa namna ambayo waliyoitunga hawakuikusudia. Plastiki zilizotoka katika maabara, zikapita viwandani, majumbani na katika mabomba ya majitaka, hurejea chini, katika tope la mto. Tofauti ni kwamba ngama ya mto haitulii. Mvua kubwa ikija, huoshwa yote na kupelekwa kwingine.

2. Mto uliozoea kupokea taka, 1761–1914

Mito inayohusika ni Irwell, Mersey na vijito vyake. Mersey huanzia Stockport, mahali ambapo Goyt na Tame hukutana. Irwell hupita kati ya Manchester na Salford kabla ya kuungana na Mersey. Mfereji wa Bridgewater ulipofunguliwa mwaka 1761 ili kuleta makaa ya mawe kutoka Worsley, Manchester ilikuwa ikianza safari ya kuwa mji mkuu wa pamba duniani. Viwanda vya kusokota, kufuma, kutia rangi na kuchapa vitambaa vilijengwa kandokando ya maji, kwa kuwa maji yalikuwa nguvu ya kuendeshea mitambo, malighafi ya kuoshea nguo na mahali pa kutupia mabaki.

Friedrich Engels, aliyeishi Manchester kati ya 1842 na 1844, alieleza katika kitabu chake cha 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza jinsi mto Irk ulivyokuwa mweusi na wenye harufu mbaya kwa takataka zilizotuama kingoni. Mwaka 1870 Tume ya Uchafuzi wa Mito, iliyoteuliwa 1868, ilitoa ripoti yake ya kwanza, na mabonde iliyoanza nayo yalikuwa ya Mersey na Ribble. Sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito ilipitishwa mwaka 1876, na mwaka 1891 ikaundwa kamati ya pamoja ya kusimamia Mersey na Irwell. Miaka 3 baadaye, 1894, Mfereji wa Meli wa Manchester ulifunguliwa na kuimeza sehemu ya chini ya Irwell.

Tukio la mwisho katika kipindi hiki ndilo lenye uzito zaidi kwa mada ya makala. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett, wakifanya kazi katika kituo cha majitaka cha Davyhulme, Manchester, walitangaza mbinu ya kusafisha majitaka kwa kutumia tope lenye vijidudu hai linalopuliziwa hewa. Mbinu hiyo ilienea duniani kote na bado ndiyo msingi wa vituo vingi vya majitaka, vikiwemo vya miji ya Afrika. Ilibuniwa kwa ajili ya uchafu unaooza. Mabingwa wake hawakuwa na sababu ya kufikiria uchafu usiooza, maana wakati huo ulikuwa haujaingia kwa wingi katika maisha ya watu.

3. Mahali plastiki ilipozaliwa, 1933–1941

Uchafu huo ulikuja baada ya miongo miwili, na ulitoka jirani. Mwezi Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, karibu na mji wa Northwich, wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu kuunganisha gesi ya ethilini na kemikali nyingine chini ya mgandamizo mkubwa sana. Jaribio halikwenda kama walivyotarajia. Ndani ya chombo walikuta kitu cheupe mfano wa nta. Hiyo ndiyo ilikuwa polithini. Utengenezaji wa kibiashara ulianza 1939, na katika Vita Kuu ya Pili polithini ilitumika kukingia nyaya za rada. Baada ya vita iligeuka kuwa mifuko, chupa na karatasi za kufungia vyakula. Winnington imo kandokando ya mto Weaver, ambao maji yake huishia katika mlango wa Mersey.

Mwaka 1941 wanakemia wengine wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, walivumbua nyuzi za poliesta ambazo baadaye ziliuzwa kwa jina la Terylene. Walikuwa waajiriwa wa Calico Printers' Association, kampuni ya Manchester iliyokuwa ikichapa vitambaa vya pamba. Kwa hiyo, poliesta ilizaliwa ndani ya nyumba ya pamba yenyewe, na baada ya muda ikaja kuwa mshindani wake mkubwa. Leo nguo za nyuzi hizo huvaliwa kila mahali, na katika Afrika Mashariki hufika kwa wingi zikiwa mpya na zikiwa mitumba. Kila zinapofuliwa huachia nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa urahisi, ambazo hufuata maji ya kufulia hadi mtaroni na mtoni.

Ni vyema kueleza kwa ufupi kwa nini plastiki huzama. Poliesta, nailoni na PVC ni nzito kuliko maji, hivyo hutua zenyewe penye mkondo dhaifu. Polithini ni nyepesi na kwa kawaida huelea. Hata hivyo, baada ya muda huota utando wa vijidudu, hushikamana na chembe za udongo, huongezeka uzito na kuzama. Kwa sababu hiyo kitanda cha mto hukusanya aina zote, pamoja na zile ambazo kwa kanuni ya uzito pekee zisingefika huko.

4. Kuchelewa kuona, 1972–2008

Kati ya kuzaliwa kwa plastiki hizo na kutambuliwa kwa masalia yake kulipita muda mrefu. Mwaka 1972 Edward Carpenter na Kenneth Smith waliripoti kuwepo kwa punje za plastiki juu ya maji ya Bahari ya Sargasso. Taarifa yao ilisomwa na wachache. Mwaka 2004 Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake walichapisha katika jarida la Science makala fupi iliyobadilisha mjadala. Walipima mchanga wa fukwe na tope la milango ya mito, kisha wakarejea kwenye sampuli za viumbehai wadogo wa baharini zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1960. Hifadhi hiyo ya kale ilionyesha kwamba chembe za plastiki zilikuwa zimeongezeka kadiri miongo ilivyopita. Mwaka 2008, katika warsha iliyofanyika Marekani, wataalamu walikubaliana kuzihesabu katika kundi hili chembe zote zenye ukubwa chini ya milimita 5.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, ugunduzi wa 2004 ulitegemea hifadhi. Bila sampuli zilizotunzwa kwa miaka 40 na watu waliokuwa wakichunguza jambo jingine kabisa, ongezeko hilo lisingethibitishwa. Pili, jicho la utafiti lilikuwa la baharini. Mito ilichukuliwa kama mabomba ya kupitishia, si mahali pa kuhifadhia. Wakati huohuo Mersey ilikuwa ikisifiwa kwa kufufuka. Kampeni ya Bonde la Mersey, iliyoanzishwa 1985, ilikuwa imepunguza uchafu unaooza hata samaki wakaanza kurudi, na mwaka 1999 ilipata tuzo ya kwanza ya kimataifa ya mito ya Thiess. Sifa hizo zilikuwa za haki kwa kipimo kilichotumika. Kipimo hicho ndicho kilichokuwa hakihesabu plastiki.

5. Mafuriko ya Desemba 2015

Rachel Hurley, Jamie Woodward na James Rothwell wa Chuo Kikuu cha Manchester waliamua kuhesabu. Walichukua mashapo katika vituo 40 vya mito 10 ya eneo hilo, kuanzia vijito vya mashambani hadi mito ya katikati ya mji. Chembe za plastiki zilipatikana kila mahali. Katika kituo kimoja cha mto Tame, huko Denton, zilifikia takriban chembe 517,000 kwa kila mita moja ya mraba ya kitanda cha mto, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimeripotiwa duniani hadi wakati huo.

Kisha maumbile yakaingilia kati. Desemba 2015 ulikuwa miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi zaidi katika kumbukumbu za Uingereza, na tarehe 26 mwezi huo Irwell ilifurika na kuingia katika makazi ya Salford. Watafiti walirudi katika vituo vilevile baada ya mafuriko ya majira hayo ya baridi na kupima upya. Matokeo yao, yaliyochapishwa Machi 2018 katika jarida la Nature Geoscience, yalionyesha kwamba mafuriko yalikuwa yameondoa takriban asilimia 70 ya chembe zilizokuwa zimehifadhiwa katika vitanda vya mito hiyo. Kwa makadirio yao hizo ni chembe bilioni 43 hivi, zenye uzito wa karibu tani 0.85.

Mtu mwenye haraka angeweza kuyasoma matokeo hayo kama habari njema, kwamba mvua imeusafisha mto. Maana yake ilikuwa kinyume. Mafuriko yalizihamisha chembe kutoka mahali ambapo zingeweza kuhesabiwa, na pengine kuzuiwa, hadi mahali ambapo hakuna awezaye kuzirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na yaliyomo ndani yake pia. Watafiti walidokeza kwamba makadirio ya plastiki iliyomo baharini huenda yalikuwa ya chini mno, kwa kuwa hayakuzingatia mzigo unaotolewa na mito mingi kwa mpigo mmoja wa mafuriko.

Kwa mwanahistoria kuna funzo la ziada. Hifadhi ya nyaraka iliyoungua haithibitishi kwamba hakuna kilichoandikwa. Vivyo hivyo, kitanda cha mto kilichopimwa mwezi mmoja baada ya gharika hakithibitishi kwamba bonde ni safi. Tabaka za mashapo ya ziwa au bwawa, zinazotua moja juu ya nyingine bila kusumbuliwa, zinaweza kusomwa kama kitabu cha miaka mingi. Kitanda cha mto kinafanana zaidi na ubao wa darasani. Swali la lazima kwa kila kipimo ni hili: ubao ulifutwa lini mara ya mwisho?

6. Ushahidi wa maji haba, 2021

Kutokana na swali hilo lilizuka jingine lenye uzito wa kisheria. Miji mikongwe ya Uingereza ina mifereji mchanganyiko, ambamo majitaka ya nyumba na maji ya mvua hupita pamoja. Mvua ikizidi, mifereji huruhusiwa kufurika na kumwaga mtoni majitaka yasiyosafishwa ili yasirudi majumbani. Ruhusa hiyo imekusudiwa nyakati za mvua kubwa zisizo za kawaida, ambapo mto wenyewe umejaa na una nguvu ya kutawanya kinachoingia.

Woodward, Rothwell, Hurley na mwenzao Jiawei Li walilitumia sharti hilo kama ufunguo. Ikiwa majitaka humwagwa wakati mto umejaa tu, mkondo mkali unapaswa kuzibeba chembe za plastiki na kuzipeleka mbali. Haziwezi kutua kwa mamia ya maelfu katika mita moja ya mraba chini kidogo ya mdomo wa bomba. Kwa hiyo, mrundikano mkubwa wa namna hiyo ni ushahidi kwamba majitaka ghafi humwagwa pia wakati wa ukavu, maji yakiwa machache na mkondo ukiwa dhaifu. Utafiti wao, uliochapishwa 2021 katika jarida la Nature Sustainability, uliuita uchafuzi huo kuwa ni wa kuepukika. Hoja ilikuwa imegeuka. Mashapo yaliyotazamwa awali kama mwathiriwa sasa yalikuwa shahidi, na ushahidi wake ulitegemea ujuzi wa msimu.

Sera, kwa upande wake, ilikuwa imeanza na kilichokuwa rahisi. Januari 2018 Uingereza ilipiga marufuku utengenezaji wa vipodozi vya kuoshwa vyenye shanga ndogo za plastiki, na mauzo yakafuata kukatazwa mwaka huohuo. Hatua hiyo ilikuwa ya maana, lakini haikugusa nyuzi za nguo, vipande vya plastiki iliyomeguka wala mabomba yaliyomwaga majitaka ghafi. Hata mbinu ya Davyhulme ya 1914 ilionekana upya. Kituo kinachofanya kazi vizuri hunasa sehemu kubwa ya chembe za plastiki, lakini hazitoweki. Hubaki katika tope la kituo, na nchini Uingereza tope hilo kwa sehemu kubwa husambazwa mashambani kama mbolea.

7. Istilahi, sheria na mito ya Afrika Mashariki

Je, historia hii ya mbali inaihusu vipi jamii ya Waswahili na majirani zao? Kiungo cha kwanza ni sheria. Zanzibar ilizuia mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ilitunga sheria yake 2008 na kuipanua 2019 ili iguse plastiki za kutumika mara moja. Kenya ilianza kutekeleza marufuku yake Agosti 2017, Burundi ikatoa amri yake 2018, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ni rekodi ambayo mataifa mengi tajiri hayajaifikia. Hata hivyo, kitu kinachotajwa zaidi katika mjadala wa sheria hizi kwa Kiswahili ni mifuko. Mfuko huonekana, hukamatwa mpakani na hutozwa faini. Uzi wa poliesta uliotoka katika karai la kufulia hauna jina linalofahamika, na kisicho na jina ni vigumu kukitungia sheria.

Hapa wanaisimu wana kazi. Mikroplastiki ni neno linalotamkika na linaloafikiana na matumizi ya kimataifa, lakini kwa msikilizaji asiye mtaalamu halielezi jambo. Chembe ndogo za plastiki hueleweka papo hapo, ila ni refu kwa vifungu vya sheria. Si lazima moja liuawe ili jingine liishi: la kwanza laweza kufafanuliwa kwa la pili mwanzoni mwa kila waraka. Jambo la msingi zaidi ni kutofautisha katika istilahi aina tatu ambazo sera huzishughulikia kwa njia tofauti, yaani shanga zilizotengenezwa zikiwa ndogo, vipande vilivyomeguka kutoka vitu vikubwa, na nyuzi za nguo. Neno moja likizifunika zote, marufuku ya shanga huweza kutangazwa kama ushindi dhidi ya zote.

Kiungo cha pili ni maji yenyewe. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza, na plastiki zilipatikana katika matumbo ya takriban samaki mmoja kati ya watano wa kila aina. Ziwa Victoria hupokea maji ya mito inayovuka mipaka, Kagera ukiwa mkubwa kuliko yote, nao hukusanya maji ya Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda kabla ya kuingia ziwani. Mzigo wa kitanda cha mto wa namna hiyo hauwezi kuwa wa nchi moja. Masika ikifika, kilichotua katika nchi ya juu huwa suala la nchi ya chini, na hatimaye la mvuvi na mlaji.

Kiungo cha tatu ni misimu. Lugha ya Kiswahili ina utajiri wa majina ya majira: masika, vuli, kiangazi, kipupwe. Ni jambo la kushangaza iwapo ripoti ya mazingira iliyoandikwa kwa lugha hiyo itataja mto, kituo na tarehe bila kusema msimu ulikuwa upi, na mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini. Sampuli zikichukuliwa mwezi Juni tu, mara baada ya masika, mito yaweza kuonekana safi. Zikichukuliwa mwishoni mwa kiangazi tu, mto huweza kulaumiwa kwa wingi usio wa kudumu. Katika hali zote mbili mshauri wa sera atakuwa amepewa nusu ya ukweli.

8. Hitimisho

Historia ya mito ya Manchester inaonyesha jamii iliyojifunza kusafisha uchafu wa aina moja huku ikizalisha wa aina nyingine, na iliyochukua zaidi ya miaka 80 tangu jaribio la Winnington hadi kuhesabu kilichotua chini ya maji yake. Nchi za Afrika Mashariki hazina sababu ya kuirudia safari hiyo yote. Mambo matatu yanafuata kutokana na yaliyojadiliwa. Upimaji wa mashapo ya mito ufanyike angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, na vituo viwe vilevile kila mara. Kwa mito inayovuka mipaka, nchi husika zikubaliane kuhusu mbinu moja na kalenda moja, jambo ambalo Itifaki ya mwaka 2003 ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria tayari imelitengenezea nafasi. Sampuli, kwa upande wake, zihifadhiwe baada ya kupimwa, kwa kuwa ugunduzi wa 2004 uliwezekana kwa sababu kuna watu waliotunza chupa zao kwa miongo minne bila kujua zingetumika kwa nini.

La mwisho hugharimu kidogo kuliko yote, nalo ndilo linaloahirishwa kwa urahisi zaidi. Kila msimu wa mvua unaopita bila sampuli kuchukuliwa hufuta ukurasa mmoja wa historia ya mto, na ukurasa huo hauna nakala.